'Nilimanage kufika': 'Ku' moja inayotuponza kwenye barua ya kazi

Ukipanda matatu ya Kitengela kwenda Nairobi asubuhi, toa hizo earphone masikioni kwa dakika kumi tu. Sikiliza watu wanavyoongea na simu. Aliye nyuma yako: "Nimetry kukupigia tangu jana." Dada wa dirishani: "Walipromise kunicall wiki hii, bado." Jamaa wa mbele: "Landlord amerefuse kunirudishia deposit." Konda naye, gari likiwa limekwama kabla ya Mlolongo: "Tutamanage kufika, msijali."

Umeona kitu? Try, promise, refuse, manage. Vyote ni vitenzi vya Kiingereza, na kila kimoja kimefuatwa na kitenzi chenye "ku": kukupigia, kunicall, kunirudishia, kufika. Hata pale ambapo kitenzi cha pili nacho ni cha Kiingereza, kama "kunicall", bado "ku" imekaa mbele yake. Hakuna mwalimu aliyekufundisha hivyo. Hakuna kitabu cha kozi kilicho na sura hiyo. Lakini wewe, mimi, konda na yule dada tunasema vilevile, bila kukutana kukubaliana.

Hiyo "ku" ndogo ndiyo nataka tuiongelee leo. Mtaani inatubeba vizuri sana. Shida inaanza siku unapokaa chini kuandika barua ya kazi kwa Kiingereza. Hapo inakuponza, na mara nyingi hujui imekuponza wapi. Mimi sina digrii ya isimu, chuo niliacha kabla ya kumaliza. Lakini barua za kazi za mabeshte nimezisoma nyingi, na makosa yanayorudi ni yaleyale machache. Habari njema ni kwamba yana chanzo kimoja.

Mtaa una sheria zake

Kuna watu watakuambia kwamba ukichanganya Kiswahili na Kiingereza unaharibu lugha zote mbili. Ukiwa Form Four ulisoma isimu jamii na ukapewa jina la jambo hili: kuchanganya ndimi. Jina ulilikariri, ukapata alama zako, ukasonga. Sasa tuangalie ndani ya sentensi yenyewe.

"Nimetry kukupigia." Nani amejaribu? "Ni" imekuambia. Lini? "Me" imekuambia. Anapigiwa nani? Ile "ku" ya pili imekuambia. Kiingereza kimeleta neno moja tu, "try", tena likiwa tupu. Zunguka Kitengela yote, Noonkopir hadi Milimani, ni vigumu umsikie mtu akisema "nimetried" au "anapromises". Zile "-ed" na "-s" tulizopigiwa kelele darasani zinaachwa mlangoni kama viatu.

Mwanaisimu mmoja wa Marekani, Carol Myers-Scotton, alichunguza namna watu wa Nairobi wanavyochanganya lugha, na mwaka 1993 akachapisha kitabu kiitwacho Duelling Languages. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba lugha mbili zikikutana ndani ya sentensi hazigawani kazi nusu kwa nusu. Moja inatoa fremu, nyingine inaleta maneno ya kujaza. Fikiria mjengo wowote wa huku kwetu. Mawe yanaweza kutoka popote, lakini plani ni moja na fundi mkuu ni mmoja. Kwenye "nimetry kukupigia", fundi ni Kiswahili. Kiingereza kimeleta jiwe.

Mlango wenyewe ulifunguliwa zamani

Jaribu hii. Kanusha "ninasoma". Unapata "sisomi", ile "a" ya mwisho imegeuka "i". Sasa kanusha "ninaapply". Unasema "siapply". Hakuna mtu anayesema "siapplyi".

Unaweza kudhani ni uvivu wa vijana. Basi kanusha hizi: ninasafiri, ninajibu, ninasamehe, ninajaribu. Utapata sisafiri, sijibu, sisamehe, sijaribu. Mwisho haubadiliki hata kidogo, na hapo hakuna mwalimu anayelalamika. Vitenzi hivi vilitoka Kiarabu. Havikuishia na "a" kama vitenzi vya Kibantu, kwa hiyo Kiswahili kilivipokea vilivyo na kikaweka utaratibu: kitenzi kisichoishia na "a", mwisho wake usiguswe. "Apply" ya leo imepitia mlango uleule ambao "safiri" ilipitia karne nyingi kabla ya mimi na wewe kuzaliwa.

Na kikishaingia ndani, kinafanyishwa kazi. Nenda saiba yoyote pale mjini usikilize: "Niprintie hiyo page ya kwanza," "Niforwardie kwa imeli." Hapo "print" imeongezewa "-ia", na kwa sababu sasa mwisho ni wa Kiswahili, unabadilika kama kawaida na kuwa "-ie". Ni sawasawa kabisa na "nitumie" au "nisomee". Lugha iliyovunjika haiwezi kuwa na mpangilio kiasi hicho.

Lakini mbona tusiseme tu "nimejaribu"? Maneno tunayo: jaribu, ahidi, kataa, amua. Mara nyingine ni mazoea tu ya shule na ya simu. Mara nyingine neno la kuazima linabeba kitu cha ziada. "Nilifika" haisemi chochote kuhusu safari. "Nilifanikiwa kufika" inasikika kama hotuba ya mgeni wa heshima kwenye harambee. "Nilimanage kufika" ina jam ndani yake, ina mvua, ina nauli iliyopanda ghafla, na ina wewe ukiwa umechoka lakini umefika. Ndiyo maana konda hakutafuta neno lingine.

Ufunguo mmoja, milango mitatu

Sasa tuje kwa shida yenyewe. Soma sentensi hizi tatu: Ninataka kusoma. Nimemaliza kusoma. Ninaweza kusoma. Vitenzi vya kwanza ni tofauti, lakini "kusoma" ni ileile. "Ku" haikuulizi swali lolote.

Ziweke kwa Kiingereza: "I want to read." "I have finished reading." "I can read." Ghafla "kusoma" moja imekuwa vitu vitatu. Kwanza ina "to" mbele, halafu ina "-ing" nyuma, halafu iko tupu bila chochote. Kiingereza kina milango mitatu pale ambapo sisi tumezoea kutembea na ufunguo mmoja.

Na tangu tukiwa wadogo tuliambiwa kwamba kusoma ni "to read", kula ni "to eat", kulala ni "to sleep". Hiyo ni kweli nusu. "Kusoma" pia ni jina la kitendo chenyewe. Ndiyo sababu tunasema "kusoma kwako kumekusaidia", na hapo Kiingereza kingetumia "reading". Nusu ya pili hatukuambiwa, kwa hiyo kila tukiona "ku" kichwani, mkono unaandika "to". Matokeo ni "I enjoy to work with people." Au "I have finished to do my course." Msomaji anaelewa vizuri unachomaanisha, lakini sentensi inakwaruza. Na kama mezani kwake kuna rundo la barua, anatafuta sababu ya kuliponguza.

Bado au tayari?

Huwezi kukariri orodha yote, lakini kuna swali moja litakalokuokoa mara nyingi. Tazama kitendo cha pili, kisha ujiulize: wakati wa kitenzi cha kwanza, kitendo hiki ni bado au ni tayari?

Ukitaka, ukiamua, ukiahidi, ukipanga, ukitumaini au ukikataa, kitendo cha pili ni bado. Kiko mbele yako. Kiingereza kinatumia "to": want to, decide to, promise to, plan to, hope to, refuse to. Ukifurahia, ukimaliza au ukiacha, kitendo tayari kipo. Huwezi kumaliza kitu ambacho hakijaanza. Hapo ni "-ing": enjoy working, finish paying, stop smoking.

Si dawa ya kila ugonjwa. "Suggest" inaongelea jambo la mbele lakini inataka "-ing", na "avoid" nayo pia. "Manage" inataka "to" hata kama umeshafika. Hizo ni za kuweka kichwani tu. Lakini kwa vitenzi vingi vya kwenye barua ya kazi, swali la bado na tayari linafanya kazi.

Na kuna mahali ambapo kukosea mlango hakukwaruzi tu, kunabadilisha habari. Tuseme uko kwenye intavyuu na umeulizwa kama unavuta sigara. Ulikuwa unavuta, ukaacha. Unajibu kwa fahari: "I stopped to smoke." Ulichosema ni kwamba ulisimama ili uvute. Dereva wa lori akisema "I stopped to eat" akiwa Isinya, ana njaa na amepata hoteli. Akisema "I stopped eating", mpeleke kwa daktari.

Au tuseme wewe ni soja wa stoo fulani, na usiku stoo imevunjwa. Asubuhi unaandika taarifa kwa Kiingereza. "I remembered to lock the gate" ni kusema kwamba kufunga hukukusahau. "I remember locking the gate" ni kusema kwamba picha ya wewe ukifunga iko kichwani hadi sasa. Ukiandika "I remember to lock the gate", utaeleweka kama unasema kwamba huwa unakumbuka kufunga, na swali la jana usiku litabaki palepale. Kazi yako iko juu ya karatasi hiyo.

Usidhani Kiswahili hakina tofauti hii. Kinayo, kinaitengeneza tu na vyombo vingine. "Nilikumbuka kufunga" ni moja. "Nakumbuka nikifunga" ni nyingine. "Nilisimama nile" ni moja. "Niliacha kula" ni nyingine. Kwa hiyo ukikwama kwenye Kiingereza, usitafsiri "ku" peke yake. Rudi kwa Kiswahili kamili, useme unachomaanisha chote, ndipo uvuke.

Akiingia mtu wa pili

Sikiliza pia kinachotokea ukimtuma mtu mwingine afanye kitu. "Nataka kuenda" ni mimi. "Nataka uende" ni wewe, na "ku" imepotea. Ndivyo ilivyo pia kwenye "alinifanya ningoje", "aliniruhusu niingie", "ilinisaidia nipate kazi". Kiswahili kinampa yule wa pili kitenzi chake kamili, na mtindo ni mmoja kwa zote.

Kiingereza hapa ni kigeugeu. "He told me to wait" ina "to". "He forced me to wait" ina "to". Lakini "he made me wait" haina, na "he let me wait" haina. Sisi hatuna sababu ya kuhisi tofauti hiyo, kwa hiyo makosa yanaenda pande mbili. Huku tunaongeza: "The work made me to be disciplined." Kule tunapunguza: "The attachment enabled me get experience." Sikiliza hotuba, matangazo ya redio na mikutano ya ofisini, hizi mbili utazisikia hata kwa watu wenye digrii mbili.

Cha kushika ni kifupi. "Make" na "let" hazitaki "to". "Enable", "allow", "ask", "tell" na "force" zinaitaka. "Help" haina neno, unaweza kuiwekea au uiache. Na "make" ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, "to" inarudi: "I was made to wait." Ndiyo, ni ubishi tu. Lugha zote zina ubishi wake. Muulize mgeni yeyote anayejifunza ngeli zetu.

Jihadhari na 'to' ya kichina

Hii ya mwisho ndiyo imeenea kuliko zote, na inakaa mahali pabaya, mstari wa mwisho wa barua: "I look forward to hear from you." Inaonekana sawa kabisa. Kuna "to", kuna kitenzi, na jibu unalosubiri ni "bado", si tayari. Kwa nini ni kosa?

Kwa sababu hiyo "to" si ile ya "ku". Ni "to" ya kuelekea mahali, kama kwenye "I am going to Kajiado". Inafuatwa na jina, na kitenzi kikitaka kukaa hapo lazima kijifanye jina kwa kuvaa "-ing". Namna ya kuipima ni rahisi: weka nomino baada yake uone kama inakaa. "I look forward to your reply" inakaa vizuri. Basi ni "I look forward to hearing from you." Lakini huwezi kusema "I want to your reply". Hiyo "to" ya "want" ni yetu ya kawaida.

Wenzake wako kwenye CV yako. "I am used to working under pressure" maana yake umezoea kufanya kazi chini ya presha. "I used to work under pressure" maana yake zamani ulikuwa unafanya hivyo, siku hizi hapana. "I am used to work under pressure" haijulikani inasimama wapi. Na "committed to" inaenda na "-ing" vilevile: "I am committed to delivering good results."

Usiache mtaa, jua tu uko wapi

Sisemi uache kusema "nimedecide kuapply". Sentensi hiyo ina sheria zake na inazifuata. Wala sisemi Kiingereza ndicho kipimo cha akili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi za Kenya, na Kiswahili ndicho lugha ya taifa. Ukiingia ofisi ya umma Kajiado una haki ya kujieleza kwa Kiswahili bila kunong'ona.

Lakini tuseme ukweli. Tangazo la kazi ya karani, ya stoo, ya hoteli, ya kule EPZ Athi River, mara nyingi limeandikwa kwa Kiingereza, na anayesoma barua yako hakujui. Hajui ulivyo mchangamfu. Hajui unavyouza ukiwa umesimama dukani. Ana karatasi moja tu. Itakuwa hasara ukikosa nafasi kwa sababu ya "ku" ambayo hukujua imekufuata hadi ndani ya Kiingereza.

Jipime hapa. Sentensi hizi tano zote zina kosa. Ziba majibu yaliyo chini.

1. I am looking forward to join your team.
2. My last job made me to learn stock control.
3. The attachment enabled me gain experience.
4. I have finished to do my course.
5. I am used to work at night.

Majibu: ya kwanza ni "joining", kwa sababu ile "to" ni ya kuelekea. Ya pili ni "made me learn", kwa sababu "make" haitaki "to". Ya tatu ni "enabled me to gain". Ya nne ni "finished doing", kwa sababu kitendo ni tayari. Ya tano ni "used to working", kama kweli umezoea usiku.

Umepata tano? Uko sawa, tuma hiyo barua. Umepata mbili au tatu? Fungua ile CV iliyo kwenye simu yako sasa hivi, tafuta kila "to" iliyomo, na uiulize swali: bado au tayari, ya "ku" au ya kuelekea? Ni kazi ya robo saa. Halafu kama kuna beshte wako anayetafuta kazi, usimcheke. Mforwardie.